Viza ya Bilan na Duka la Eedo Fartun

Jumatano, tarehe 12 Februari 2025. Hapakuwa na wingu hata moja juu ya Garissa, na tangu asubuhi upepo mkavu ulikuwa ukipiga vumbi hadi ndani ya vyumba vilivyofungwa. Bilan Keinan alishuka basi la kutoka Nairobi baada ya adhuhuri, akajifunika uso kwa ncha ya shela, akaenda kwa miguu hadi kwao Galbet. Siku iliyotangulia alikuwa amehojiwa ubalozini. Mtaa mzima ulijua, na kila aliyekutana naye njiani alimuuliza swali lile lile: je, wamekupa?

"Bado," alijibu. "Bado kidogo."

Mama yake, Timiro, alikuwa ukumbini akisuuza mitungi ya maziwa ya ngamia aliyouza sokoni asubuhi. Hakuuliza kitu. Alimtazama binti yake akivua viatu, akamwekea chai, akaendelea na mitungi yake. Bilan alipomaliza kikombe ndipo aliposema.

"Hawajakataa, hooyo. Lakini nimejiharibia mwenyewe."

"Umesema uongo?"

"Nimesema kweli."

Timiro aliuweka mtungi chini. "Basi hebu nieleze jinsi mtu anavyojiharibia kwa kusema kweli, maana hilo sijalisikia."

Ili jambo lenyewe lieleweke, inafaa kurudi nyuma kidogo. Bilan alizaliwa Masalani, karibu na mto Tana. Huko ndiko mjomba wake Hamze, kaka wa mama yake, alikokamatwa na mamba alipokuwa akinywesha mbuzi. Watu walimwokoa, lakini mguu ulikatwa chini ya goti. Baadaye alipelekwa Nairobi, akarudi na mguu bandia. Ulikuwa mguu mzuri wa kutazama. Shida ilikuwa ile sehemu ya juu inayoshika kigutu: ilikuwa ngumu kama sufuria, na kwa joto la Masalani ngozi ya Hamze ilitota jasho, ikachubuka, ikafanya vidonda. Mwishowe aliutundika ukutani kwa msumari na kurudia gongo lake. Alikuwa akiuvaa asubuhi ya Idd tu, ili asimame safuni kama wenzake, na akirudi kutoka kuswali anauvua akiwa bado mlangoni. Bilan, aliyekuwa darasa la tano, ndiye aliyekuwa akipokea mguu ule na kuupangusa. Alikuwa akiingiza mkono wake ndani, akipapasa mahali palipomuumiza mjomba, na alijiuliza kwa nini aliyeutengeneza hakuwahi kuja Masalani.

Alipomaliza shule ya upili alisomea utengenezaji wa viungo bandia katika chuo kimoja Nairobi. Katika mwaka wake wa mwisho, karakana moja ya kaskazini mwa Ulaya iliahidi kumpokea mwanafunzi mmoja wa chuo kile kwa mafunzo ya vitendo. Walikuwa wakitengeneza vishikio vya kigutu, vyepesi na vyenye matundu, vya watu wa nchi za joto. Mshahara haukuwepo. Mwanafunzi angejitafutia pa kulala na chakula, naye angefundishwa bure. Walimu walimchagua Bilan, na walimwambia waziwazi kwamba kama viza ingekosekana kufikia mwisho wa Februari, nafasi ingepewa anayemfuata. Karakana haikuwa na mpango wa kumpokea mwingine mwaka uliofuata.

Pa kulala palikuwepo. Mji ule ule ulikuwa na Fartun, dada wa marehemu baba yake. Bilan humwita eedo, yaani shangazi, na Fartun naye humwita Bilan eedo, kwa sababu katika desturi yao mkubwa humrudishia mdogo jina lile lile analoitwa naye. Ndiyo maana pia Timiro humwita binti yake "hooyo," ambalo maana yake ni mama. Keinan alipofariki, Bilan akiwa ndiyo kwanza anaanza shule ya msingi, Fartun ndiye aliyebeba karo, kuanzia sare ya kwanza hadi ada ya chuo. Hakuwahi kuomba kitu. Alikuwa na duka la vyakula: mchele, viungo, tende, nyama ya halali. Aliposikia habari za karakana alituma ujumbe wa sauti ambao ndani yake alicheka zaidi ya alivyosema. Njoo, alisema. Chumba kipo, chakula kipo, na jioni utakuwa nami dukani.

Sasa Bilan alimsimulia mama yake yaliyotokea ubalozini. Afisa wa viza alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye miwani aliyoivuta hadi kwenye ncha ya pua. Aliuliza habari za karakana, na Bilan akajibu vizuri. Aliuliza atakula nini akiwa halipwi, na Bilan akasema eedo wake atamlisha. Kisha akauliza, kama mtu anayepitisha wakati, jioni zake atazitumiaje.

"Nitamsaidia eedo dukani," Bilan alisema.

"Kumsaidia vipi?"

"Kupanga bidhaa. Kukaa kaunta akienda kuswali. Akichoka nitafunga mimi."

"Atakulipa?"

Hapo Bilan alicheka. Alidhani afisa anamtania. "Kunilipa? Ni dada wa baba yangu."

Alilisema hilo akiamini amemaliza maneno yote. Afisa hakucheka. Aliandika kwa muda mrefu kwenye kompyuta, kisha akamweleza taratibu. Viza aliyoomba inamruhusu kufanya kazi bila malipo mahali pamoja tu, pale karakana, kwa sababu pale anajifunza. Kazi nyingine yoyote imekatazwa, iwe ya kulipwa au isiyolipwa. Akauliza swali moja la mwisho: "Kama wewe usingekuwepo, kazi hiyo ya dukani ingefanywa na nani?" Bilan alisema hajui, labda eedo mwenyewe. Afisa alimpa siku kumi za kazi alete maelezo yaliyoandikwa na kutiwa sahihi na mwenyeji wake, yakisema kwamba mwanafunzi huyu hatafanya kazi yoyote katika biashara yake.

Timiro alisikiliza hadi mwisho. "Yaani ukimshikia eedo wako kilo ya mchele, unafukuzwa?"

"Ndivyo sheria ilivyo, hooyo."

"Na mimi nikikwambia unibebee mtungi huu hadi jikoni, nitafungwa?"

"Hapa sikuja kwa viza."

Mama alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likamtoka. Wote wawili walijua ugumu uko wapi. Haukuwa kwa afisa. Ugumu ulikuwa kumwambia Fartun. Msichana anayekaa kwa shangazi yake, anakula chakula chake, na jioni anakaa mikono mitupu huku shangazi akiinua magunia, huyo hana jina zuri kwa Wasomali, awe Garissa au Ulaya. Na shangazi atakayeweka kwa maandishi kwamba mtoto wa kaka yake hatagusa kitu chake, watu watamuuliza wamekosana nini.

Jioni ile alikuja Idman, rafiki wa Bilan tangu shuleni, ambaye sasa ana saiba, duka la intaneti, karibu na soko na amejaza fomu za nusu ya vijana wa Galbet. Alisikiliza, akapunga mkono kama anafukuza nzi.

"Hii ni kitu ndogo, Bilan. Mwambie eedo aandike, aweke sahihi, ipelekwe. Ukifika huko, nani atakufuata dukani? Karatasi yao, duka lenu."

"Eedo hataweka jina lake chini ya uongo."

"Kila mtu anaweka."

"Humjui. Akiandika sitafanya kazi, basi sitafanya. Hata mwiko hatanipa."

"Basi si utapumzika?" Idman alisema. "Wewe ndiye mtu wa kwanza nimeona analilia kukatazwa kazi."

Bilan alicheka pamoja naye, lakini alipobaki peke yake alilifikiria lile wazo. Lilikuwa jepesi. Tatizo ni kwamba lilimtaka amfundishe mwanamke aliyemsomesha kusema uongo kwa ajili yake, na hilo kila alipolitazama lilionekana baya zaidi.

Kesho yake alimpigia Fartun kwa WhatsApp. Fartun alipokea akiwa dukani, amevaa koti ndani ya nyumba, na nyuma yake rafu za mikebe zilikuwa zimepangwa hadi darini.

"Eedo, waliipiga muhuri? Maana nimeshakununulia blanketi."

"Eedo, kuna karatasi moja wanaitaka kutoka kwako."

Bilan alieleza. Alikuwa amejipangia maneno, lakini yalimtoka shaghalabaghala, na alipofika mahali pa kusema kwamba hataruhusiwa kufanya kazi ya dukani, aliona uso wa Fartun umetulia kwa namna isiyo nzuri.

"Uliwaambia nini hasa?"

"Niliwaambia nitakusaidia."

"Na wakasema nini?"

"Kwamba hairuhusiwi. Hata bila malipo. Wanataka niwe kama," Bilan alitafuta neno, "kama marti tu. Mgeni."

"Marti." Fartun alilirudia neno hilo polepole. "Nimekusomesha tangu hujui kufunga kamba za viatu. Leo nichukue kalamu niandikie serikali kwamba wewe ni marti nyumbani kwangu?"

"Si mimi ninayesema, eedo."

"Ni nani basi? Mgeni ndiye anayekaa akisubiri kuletewa chai. Mtoto wa Keinan si mgeni wangu. Kama baba yako angekuwa hai, ungemwambia neno hilo?"

Mteja aliingia, kengele ya mlango ikalia, na Fartun akasema kwamba ana kazi. Simu ilikatika. Bilan alituma ujumbe wa kuomba radhi. Ulisomwa, haukujibiwa. Alituma mwingine siku iliyofuata, nao vilevile.

Timiro hakutaka kuingia kati. "Yule ni damu ya baba yako," alisema. "Mimi nikisema, itakuwa ni mke wa kaka amekuja kupanga mambo ya nyumba yake. Sema naye wewe." Lakini usiku hakulala vizuri, na Bilan alimsikia akiomba dua ndefu kuliko kawaida yake.

Siku zilipita. Mwalimu wa chuo alipiga simu kuuliza viza imefika wapi, na Bilan alisikia kwa sauti yake kwamba jina la anayemfuata lilikuwa tayari mezani. Alikuwa akienda kila asubuhi kwenye karakana ndogo ya hospitali ya Garissa alikokuwa akijitolea, akichonga na kupiga msasa, na mikono yake ikifanya kazi kichwa chake kilirudi kwenye swali la yule afisa. Kama wewe usingekuwepo, kazi hiyo ingefanywa na nani? Mwanzoni lilimwudhi. Aliliona ni swali la mtu asiyejua shangazi ni nini. Lakini kwa kulirudia rudia, akagundua kwamba yeye mwenyewe hajui jibu. Eedo ana magoti mabovu. Duka lile ni kubwa. Nani hupanda ngazi kufikia mikebe ya juu?

Ijumaa, baada ya swala, alipiga tena. Hakutarajia kupokelewa, na alipopokelewa alikosa salamu ya kuanzia. Akauliza moja kwa moja.

"Eedo, sasa hivi nani anakaa kaunta ukienda kuswali?"

"Kwa nini unauliza?"

"Nataka kujua tu."

"Yupo msichana. Anatoka Eritrea. Msichana mzuri, mwaminifu." Akapanga upya mifuko ya viungo iliyokuwa imepangwa tayari. "Nilimwambia mwezi huu ukiisha asirudi."

"Amefanya kosa gani?"

"Hana kosa. Wewe unakuja."

Bilan aliiona sheria ile sasa kutoka upande ambao afisa alikuwa akiitazama, na haikuonekana tena ya kijinga. Palikuwa na mtu mmoja aliyepanda ngazi ile kila siku, akalipwa, pengine akatuma kwao sehemu ya alicholipwa, na yeye Bilan, kwa mapenzi mema na bila kujua, alikuwa amemtoa pale.

"Mrudishe, eedo," alisema. "Tafadhali. Hata kama sitakuja, mrudishe."

"Unanifundisha kuendesha duka?"

"Hapana. Nakuomba."

Fartun aliketi. Kwa mara ya kwanza katika mazungumzo yale alionekana mchovu, na sauti yake iliposhuka ilifanana na ya Keinan kiasi kwamba Timiro, aliyekuwa mlangoni, aliacha alichokuwa akifanya.

"Wewe unadhani mimi nataka mpanga mikebe," Fartun alisema. "Mikebe inapangwa na yeyote. Nimekaa nyuma ya kaunta hii miaka mingi, eedo. Wateja ni wazuri, habari yako, habari yangu, wanalipa wanaondoka. Hakuna anayeijua Masalani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona baba yako. Nilisema, sasa nitakuwa na mtu wangu jioni. Nitamwambia mimi na Keinan tulivyokuwa tukiiba ndizi za Wapokomo, naye atanieleza nani ameoa na nani ameachwa. Ndiyo kazi niliyokuwa nayo kwako. Sikujua inahitaji viza."

Bilan alifikiri, kisha akauliza: "Duka lina nafasi upande wa wateja?"

"Nafasi ya nini?"

"Ya kiti."

"Ipo, karibu na dirisha. Kwa nini?"

"Nitakaa pale. Upande wa wateja. Hakuna sheria inayomkataza mtu kukaa dukani akazungumza. Sitavuka kaunta. Yule msichana atafanya kazi yake, na mimi nitakula hadithi zako."

"Na mteja akikuuliza bei ya mchele?"

"Nitamwambia sijui."

"Na kama unaijua?"

"Nitamwambia amuulize eedo wangu."

Fartun akacheka kile kicheko chake kirefu. "Watu wataniambia, Fartun, huyu mtoto wa kaka yako mvivu kweli."

"Waambie amesomeshwa sana."

"Nitawaambia ameharibiwa na mama yake."

"Nimesikia," Timiro alisema kutoka mlangoni, na Fartun akazidi kucheka. Wakaanza kusalimiana wao wawili, salamu ndefu za kuulizana hali za ndugu wote, na Bilan akawaachia simu.

Maelezo yalifika Jumamosi. Fartun hakuwa ameandika neno mgeni mahali popote. Aliandika kwamba Bilan Keinan ni binti wa kaka yake, kwamba atalala na kula kwake kama mtoto wake, na kwamba kazi ya duka inafanywa na mfanyakazi anayelipwa, yule msichana wa Eritrea, ambaye Fartun alimtaja kwa jina lake kamili. Bilan hatafanya kazi yoyote dukani, kwa malipo wala bila malipo. Chini aliweka sahihi. Idman aliyachapisha pale saiba, akayasoma mara mbili, akasema ni maelezo ya kwanza ya aina hiyo aliyoyaona ambayo mwandishi wake anayaamini. Bilan aliyapeleka Nairobi Jumatatu, akayaacha dirishani, akarudi bila kuambiwa chochote.

Mwisho wa Februari ulifika pasi na jibu. Mwalimu alikubali kungoja kidogo, akasema wazi kwamba ni kidogo kweli. Ramadhani iliingia. Katika juma lake la kwanza pasipoti ilirudi kwa gari la vifurushi, na Bilan alikwenda kuichukua peke yake. Aliifungua barabarani, mgongo akiupa jua. Viza ilikuwa ukurasa wa saba. Chini ya jina lake paliandikwa: mafunzo yasiyolipwa, mahali pamoja tu. Alimtumia Fartun picha, akapata jibu la neno moja, alhamdulillah, na picha ya kiti cha mbao kando ya dirisha, nje theluji imerundikana ukingoni mwa barabara.

Asubuhi iliyofuata, kabla jua halijapanda sana, Bilan alikwenda soko la mitumba kutafuta koti. Alichagua moja zito la rangi ya kijivu, lenye kofia ya manyoya, akalivaa pale pale kulipima, amefunga saumu, jasho likimtiririka mashavuni. Mwuzaji, mwanamume aliyekuwa akijipepea kwa kipande cha boksi, alimtazama kwa huruma.

"Dada, hii imelala hapa miaka miwili. Hakuna mtu ameshika. Uko na homa?"

"Niko sawa. Huna ndogo kidogo?"

Mwuzaji akainuka kuchakura rundo. Bilan alisimama akingoja ndani ya koti, zipu imefungwa hadi kidevuni, akiinua na kushusha mikono kuona jinsi mabega yanavyompwaya.